Broila wamepona koksidiosi lakini hawaongezeki uzito: je, probiotiki itasaidia?

Mfugaji wa Buswelu aliandika:

Wafugaji wenzangu wa Kanda ya Ziwa, habari za kazi. Ninafuga broila huku Buswelu, wilayani Ilemela, na hili ni kundi langu la tano. Niliingiza vifaranga 400 mwishoni mwa Machi, mvua zikiwa zimekolea, nikatandaza maganda ya mpunga niliyoyachukua mashineni yakiwa bado na ubichi kidogo, kwa sababu jua halikuwepo la kuyaanikia. Siku ya 17 niliona kuku kadhaa wamejikunyata huku mabawa yakiwa yameshuka, na asubuhi iliyofuata kinyesi chenye damu kilikuwa kimetapakaa karibu na vyombo vya maji.

Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, nikaeleza nilichokiona, nikapewa amproliamu ya unga, ambayo ni dawa ya koksidiosi yaani ugonjwa wa kuhara damu, pakiti ya vitamini ya kuwaongezea nguvu, na tetrasaiklini kwa tahadhari. Nilichanganya vyote vitatu katika maji yale yale kwa siku 5. Kuku 23 walikufa, kisha damu ikakoma na vifo vikasimama. Tatizo langu ni lililofuata. Siku ya 26 nilikamata kuku 20 bila kuchagua, nikawapima, na wastani ukawa gramu 810, wakati kundi lililotangulia lilikuwa na gramu 1,250 katika umri huo huo. Wanakula, tena sana, lakini mifuko ya chakula inaisha bila uzito kuonekana, na kinyesi bado ni chepesi, kina chembe za chakula ambacho hakijasagika.

Jirani alinishauri nitumie probiotiki, yaani vijidudu hai vyenye manufaa tumboni, akisema kwamba inaua wadudu waliobaki tumboni na kurudisha ukuaji. Nimeitia katika maji ya bomba kwa siku 3 na sijaona tofauti. Ili kufidia, nimeongeza pia dagaa wa kusaga kutoka soko la Mwaloni katika chakula. Ninaomba kuelimishwa: je, probiotiki inatibu koksidiosi? Kama haitibu, inasaidiaje ukuaji? Na je, niendelee na kundi hili au niuze kwa hasara kabla halijanimaliza?


Mjenzi wa Mabanda, Kisesa alijibu:

Pole sana, ndugu yangu. Kabla wataalamu hawajafika, nina maswali mawili ambayo majibu yake yatabadilisha ushauri wote. Kwanza, pakiti ile ya vitamini imeandikwa nini? Soma maandishi madogo ya nyuma, utuambie kama kuna vitamini B1, ambayo huandikwa pia tayamini. Pili, chota konzi ya matandazo katika sehemu tatu, yaani chini ya chombo cha maji, katikati ya banda na kwenye kona, kisha ibane kwa nguvu. Ukiachia na donge likabaki limeshikamana, banda lako lina maji kupita kiasi na vimelea vinaendelea kukomaa humo. Likimeguka lenyewe, hali si mbaya.

Kwa uzoefu wangu, nusu ya mabanda ninayoitwa kukarabati huku Kisesa na Usagara hayana tatizo la dawa, bali yana vyombo vya maji vilivyowekwa chini sana, kuku wanavimwaga wanapovikanyaga. Ukingo wa chombo unapaswa kuwa usawa wa mgongo wa kuku, na upandishwe kila wiki kadiri wanavyokua.


Mfugaji wa Buswelu aliandika:

Asante, kaka. Nimesoma pakiti na B1 imo, tena ndiyo iliyoandikwa ya kwanza miongoni mwa vitamini za kundi B. Matandazo ya chini ya vyombo yameshikamana kama udongo wa kufinyangia, ya katikati yanameguka, na ya kona ni makavu. Vyombo nilivipandisha mara moja tu tangu vifaranga waingie.


Daktari wa Mifugo, Nyegezi alijibu:

Majibu hayo yametusogeza mbele sana. Nitaanza na ugonjwa, kwa sababu probiotiki haieleweki bila kuelewa kwanza utumbo umepatwa na nini.

Koksidiosi ya kuku husababishwa na vimelea vya jenasi ya Eimeria, ambavyo spishi zake 7 hutajwa zaidi, na kila moja ina sehemu yake ya utumbo inayoipenda. Damu nyingi uliyoiona inafanana na kazi ya Eimeria tenella, ambayo hushambulia vile vifuko viwili virefu vya utumbo vilivyo karibu na mwisho. Kuna nyingine, kama Eimeria acervulina, ambayo hukaa katika utumbo wa mwanzo, huacha mistari myeupe iliyojipanga kama ngazi, na haitoi damu hata kidogo. Hiyo humla mfugaji kimyakimya, maana kuku hawafi ila hawaongezeki. Kuku mmoja anaweza kuwa na spishi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na ninashuku kwamba ndivyo ilivyo kwako.

Vimelea hutoka katika kinyesi vikiwa ndani ya ganda gumu liitwalo oosisti. Oosisti iliyotoka sasa hivi haiambukizi. Inahitaji joto, unyevu na hewa ili ikomae, na katika nyuzi joto 25 hadi 30 hukomaa ndani ya siku 1 au 2. Fikiria basi banda la Buswelu mwezi wa Aprili, chini ya chombo kinachovuja: huo ni mtambo wa kutotolea. Kuku akiidonoa, vimelea vilivyomo hupenya katika chembe hai (seli) za ukuta wa utumbo, huzaliana humo na kuzipasua, na katika muda wa siku 4 hadi 7 hutoka maelfu ya oosisti mpya. Vinyweleo vidogo vya utumbo vinavyofyonza chakula hufupika, protini ya damu huvujia ndani ya utumbo, na ndiyo maana kuku wako wanakula bila kunenepa.

Sasa nije kwenye dawa. Amproliamu hufanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1, kiasi kwamba kimelea hushindwa kupata B1 anayoihitaji. Ukimpa kuku B1 kwa wingi wakati huo huo, unakipa kimelea kile kile ulichokusudia kukinyima, na nguvu ya dawa inapungua. Vitamini hizo zilipaswa kusubiri hadi dozi imalizike. Kipimo cha kawaida cha tiba ni amproliamu asilimia 0.012 hadi 0.024 ya maji kwa siku 3 hadi 5, kisha asilimia 0.006 kwa wiki 1 au 2. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 20, asilimia 0.012 ni sawa na gramu 0.6 kwa kila lita ya maji. Hiyo hatua ya pili ya dozi ndogo wafugaji wengi huiruka, na sioni kama uliipitia. Tetrasaiklini haiui Eimeria; inaua bakteria, wakiwemo wale wema uliowahitaji.

Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha anayevipokea. Katika kuku, wanaotumika zaidi ni bakteria wa jamii za Lactobacillus, Pediococcus, Enterococcus na Bacillus, pamoja na hamira ya Saccharomyces. Jirani yako amekosea katika jambo moja: haviui koksidia, yaani vimelea hivyo vya Eimeria, waliomo ndani ya chembe hai za utumbo. Hata hivyo vina kazi nyingine. Hushika nafasi katika ukuta wa utumbo ili bakteria wabaya wakose pa kukaa, hutengeneza asidi ya laktiki inayowakera wabaya hao, na huamsha kinga ya utumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Poultry Science ulionyesha kwamba broila waliolishwa probiotiki ya Lactobacillus kisha wakaambukizwa Eimeria acervulina walitoa oosisti chache kuliko wenzao ambao hawakuipata. Kutoa oosisti chache si kupona, lakini ni banda kuchafuka polepole zaidi, na hilo lina thamani.

Faida kubwa kwako iko mahali pengine. Ile protini inayovujia katika utumbo uliojeruhiwa ni karamu kwa bakteria aitwaye Clostridium perfringens, ambaye husababisha ugonjwa wa kuoza kwa utumbo, na mara nyingi hufuata nyuma ya koksidiosi kama fisi anayefuata harufu. Baadhi ya aina za Bacillus subtilis hutoa vitu vinavyomzuia bakteria huyo. Sasa nikuombe usichukie: dagaa ulioongeza wanamsaidia yeye. Unga wa samaki ukizidi, hasa kwa kuku ambaye utumbo wake haufyonzi vizuri, protini isiyosagika hufika chini na kuwa chakula chake. Ninajua kwamba huku kwetu dagaa ni rahisi kupatikana na kila mtu huona ni baraka kuongeza kopo moja, lakini kwa siku hizi rudi kwenye chakula cha kawaida kama kilivyotoka kiwandani.

Kuhusu kutoona mabadiliko baada ya siku 3, maji yako ya bomba yana klorini, ambayo imewekwa kwa ajili ya kuua vijidudu, na haichagui. Acha maji katika ndoo iliyo wazi usiku kucha, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita kama tufanyavyo tunapotoa chanjo ya kideri, kisha ndipo uweke probiotiki, na kuku wayamalize ndani ya saa chache. Tazama pia pakiti: inapaswa kutaja jina la kijidudu, idadi ya walio hai kwa gramu, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iliyoandikwa tu kwamba ni kikuza kuku, bila hayo matatu, mimi siinunui. Lactobacillus huharibika kwa joto, kwa hiyo iliyokaa juani dirishani mwa duka haina kitu. Bacillus hujifunika kwa ganda gumu kama la mbegu, na hustahimili zaidi.

Jambo la mwisho ni mpangilio. Amproliamu si dawa ya bakteria, kwa hiyo probiotiki inaweza kutolewa katika kipindi hicho hicho. Salfa na tetrasaiklini ni za bakteria, hivyo subiri zimalizike. Hata dawa za koksidia zinazowekwa katika chakula kama monensini na salinomaisini hugusa baadhi ya bakteria wa kundi la Lactobacillus.

Kabla ya kutumia shilingi nyingine, chukua kinyesi kibichi kutoka sehemu 5 au 6 za banda, pamoja na kuku mmoja dhaifu aliye hai, upeleke kituo cha Mwanza cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Wataona kwa hadubini kama oosisti bado ni nyingi, na wakimpasua kuku watajua ni sehemu gani ya utumbo iliyoumia. Huenda wakakuta minyoo pia, ambayo ina dawa zake na haihusiani na amproliamu.


Mama wa Chotara, Sengerema aliandika:

Shikamoo, Daktari. Nimesoma kwa makini na ninashukuru, ila niseme kidogo kwa niaba yetu sisi ambao pakiti hizo hutufikia kwa kivuko cha Kamanga na bei yake imeshapanda njiani. Mimi nina chotara 150 na ninawapa mtindi wa nyumbani, kijiko kikubwa kimoja kwa lita ya maji, kila wanapomaliza dawa. Kinyesi chao hukauka ndani ya siku mbili na huwa wachangamfu. Sijawahi kupima uzito, ninasema ninachokiona kwa macho.

Tena nikumbushe kwamba kifaranga wa kienyeji anayetembea nyuma ya mama yake huokota vijidudu vya tumboni tangu siku ya kwanza kwa kudonoadonoa pale mama alipokunya. Hawa wa kiwandani hawajawahi kumwona mama, wanafika ndani ya boksi wakiwa na tumbo tupu. Labda ndiyo sababu wanaugua upesi namna hii. Je, si ingekuwa bora probiotiki itolewe siku ya kwanza kuliko kungoja damu?


Daktari wa Mifugo, Nyegezi alijibu:

Marahaba, Mama. Umegusa kiini cha jambo lenyewe. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, walionyesha kwamba vifaranga waliopewa bakteria wa utumbo wa kuku wakubwa wenye afya walistahimili maambukizi ya Salmonella, na hapo ndipo wazo la bakteria wema kuwazuia wabaya lilipopata nguvu katika ufugaji wa kuku. Kwa hiyo ndiyo, siku za kwanza bandani ndizo zenye faida kubwa zaidi, wakati utumbo haujapata wenyeji wake. Ila mama kuku huyo huyo humrithisha kifaranga oosisti pia. Kwa kuwa anazipata chache chache, hujenga kinga bila kuugua sana, jambo ambalo halitokei katika banda la kuku 400 waliosongamana.

Kuhusu mtindi, sitaukataza, nitauwekea mipaka. Bakteria wa laktiki wamo, lakini hatujui ni aina gani wala ni wangapi, na wanabadilika kila unapogandisha. Kuku hana uwezo mzuri wa kusaga sukari ya maziwa, hivyo mtindi ukizidi huharisha, na vyombo visiposafishwa kila siku huota ukungu. Kijiko chako kimoja kwa lita si kibaya. Kinachonitia shaka ni kusema kwamba mtindi ndio uliokausha kinyesi, kwa sababu kuku aliyemaliza dawa hupata nafuu hata akipewa maji matupu. Utando wa utumbo hujijenga upya ndani ya siku chache ukipata nafasi.


Mama wa Chotara, Sengerema aliandika:

Hapo umenishika, Daktari. Safari ijayo nitawagawa, nusu wapate mtindi na nusu maji matupu.


Mfugaji wa Buswelu aliandika:

Ninarudi baada ya siku 7 kama nilivyoahidi moyoni. Maabara walikuta oosisti nyingi kiasi, hawakukuta minyoo, na kuku aliyepasuliwa alikuwa na zile alama nyeupe za ngazi katika utumbo wa mwanzo pamoja na makovu katika vifuko vya mwisho. Mwanamume aliyenipokea alinionyesha kwa kalamu, na kusema kweli niliona aibu kwamba nimefuga makundi matano bila kuwahi kuutazama utumbo wa kuku aliyekufa.

Nilianza upya amproliamu ya siku 5 bila vitamini, na sasa nimo katika dozi ndogo. Niliondoa matandazo yote yaliyoshikamana, toroli 6, nikaweka makavu, na nikapandisha vyombo hadi usawa wa mgongo. Dagaa nimewatoa. Probiotiki ninaiweka asubuhi katika maji yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo. Kuku 20 wale wale, ambao nilikuwa nimewafunga uzi mwekundu mguuni, wamefikisha wastani wa gramu 1,190 siku ya 33. Hiyo ni gramu 54 kwa siku. Kinyesi kimeshika umbo. Jirani yangu anasema ni probiotiki yake.


Mjenzi wa Mabanda, Kisesa alijibu:

Na mimi ninaweza kusema ni vyombo vyangu vya maji.


Daktari wa Mifugo, Nyegezi alijibu:

Na mimi dozi yangu. Ndugu, ulibadilisha mambo matano kwa mpigo, na kwa hali uliyokuwa nayo ulifanya sawa, lakini haiwezekani kujua ni lipi lililoleta gramu hizo. Kwa makisio yangu, matandazo makavu na dawa iliyotolewa ipasavyo vimebeba sehemu kubwa, na probiotiki imesaidia utumbo kutulia. Kundi hili halitafikia lile lililotangulia. Sehemu ya uzito uliopotea huwa hairudi. Linganisha gharama ya chakula cha siku moja na bei ya gramu wanazoongeza siku hiyo, na siku ambayo chakula kitazidi, uza, mradi muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti ya dawa umepita.

Kwa kundi lijalo, ukitaka kweli kujua kama pakiti hiyo ina faida kwako, gawa banda kwa wavu katikati, vifaranga 200 huku na 200 kule, chakula kimoja, matandazo ya aina moja, vyombo vilivyo sawa kwa idadi na kimo. Upande mmoja upate probiotiki tangu siku ya kwanza hadi ya 7, kisha tena siku ya 14 hadi ya 21, kipindi ambacho koksidia hupamba moto. Upande wa pili upate maji hayo hayo ya ndoo bila kitu. Anza kazi kila siku kwa upande usio na probiotiki, usije ukaipeleka kwa viatu. Pima kuku 20 kila upande siku ya 14, ya 21 na ya 28, pima pia chakula kinachobaki, na uandike.


Mfugaji wa Buswelu aliandika:

Nitafanya hivyo, Daktari. Wavu ninao, ule wa zamani wa bruda, pale ninapolelea vifaranga. Kijana wangu ameanza kuanika maganda ya mpunga juu ya turubai, maana mvua sasa zimepungua, na vifaranga nimewaagiza kwa wiki ya pili ya Juni ili banda lipumzike likiwa tupu na kavu. Nitaleta vipimo vya pande zote mbili hapa hapa, viwe vya kunifurahisha au la.